Mkataba wa Ughaibuni Usomwe Nyumbani



Mwezi mmoja kabla ya minada ya korosho kufunguliwa, wakati ambapo mfukoni mwa mkulima hamna kitu, alinijia jirani yangu hapa Mikindani akiwa na binti yake na bahasha ya kaki. Binti amehitimu shahada ya ualimu, somo lake ni Kiingereza, na kwa miaka mitatu amekuwa akijitolea katika shule ya sekondari huku akisubiri ajira ya serikali. Ndani ya bahasha mlikuwa na mkataba wa kufundisha Kiingereza katika nchi moja ya Ghuba. Wakala aliyeuleta alitaka shilingi milioni mbili "za kuharakisha viza", nazo zipatikane ndani ya siku kumi. Mzee alikwisha kumpata mtu wa kumwekea rehani shamba lake la mikorosho. Hakuja kuniomba ushauri. Alikuja kuniomba niwe shahidi wa rehani hiyo.

Niliomba kuuona mkataba. Ulikuwa na kurasa mbili, kila ukurasa una safu mbili: Kiingereza kushoto, Kiarabu kulia. Upande wa Kiingereza kazi ilitajwa kuwa ni ya mwalimu. Kiarabu changu mimi ni cha msikitini, basi tukaenda kwa maalim wa madrasa ya mtaani, ambaye ndiye aliyemfundisha binti huyo alifu kwa ujiti. Maalim akavaa miwani, akasoma polepole, akafika mahali akarudia mara mbili. Kisha akauliza: "Mwanangu, wewe unakwenda kufundisha au unakwenda kutumika? Hapa pameandikwa aamila manziliyya. Manzil ni nyumba. Huyu ni mfanyakazi wa nyumbani."

Rehani haikuandikwa.

Sisemi haya ili kuidharau kazi ya nyumbani, kwani ni kazi ya halali na wamo dada zetu wengi wanaoifanya kwa uaminifu. Aibu ni ya yule anayemwita mtu kwa jina moja ili apokewe kwa jina jingine. Neno lile lina uzito wa sheria pia. Saudi Arabia ilipolegeza masharti ya udhamini wa mwajiri, yaani kafala, mwezi Machi 2021, ili mfanyakazi aweze kuhama mwajiri kwa utaratibu uliowekwa, wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje ya nafuu hiyo. Tena katika nchi hiyo na katika Falme za Kiarabu, maandishi ya Kiingereza na ya Kiarabu yakipingana, yanayofuatwa ni ya Kiarabu. Binti yetu angefika mbele ya kadhi na karatasi ya mwalimu mkononi, na karatasi hiyo hiyo ingemhukumu kuwa mtumishi.

Je, kazi yenyewe ya kufundisha ipo? Ipo, na watu wa pwani hii si wageni wa safari hiyo. Sultan Qaboos alipotwaa madaraka Oman tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, na wanafunzi wake wapatao 900 walikuwa wavulana watupu. Waomani waliozaliwa na kusomea Zanzibar, ambao wengi wao walitawanyika baada ya Mapinduzi ya 1964, walirejea na Kiingereza chao, wakashika kazi maofisini, katika kampuni za mafuta na madarasani. Ndiyo sababu hata leo Kiswahili chasikika katika mitaa ya Muscat.

Lakini hao waliingia kama wana wa nchi. Kijana wa Mtwara wa leo anaingia kwa mlango mwingine, na ni haki aujue upana wake. Mahitaji ni makubwa: Oman ilianza kufundisha Kiingereza tangu darasa la kwanza katika mfumo wake mpya wa mwaka wa masomo 1998/1999, na Saudi Arabia ikafanya hivyo mwaka 2021. Hata hivyo, nchi hizo zina sera ya kuwaajiri raia wao kwanza. Na matangazo mengi ya vituo vya lugha hutaka pasipoti ya Uingereza, Marekani, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand au Afrika Kusini, kana kwamba umahiri wa kufundisha huandikwa katika pasipoti. Mwalimu wa Newala aliyejifunza Kiingereza kuwa lugha yake ya tatu anajua mwanafunzi anakwama wapi, kwa kuwa yeye mwenyewe alikwama hapo. Dhuluma hiyo tuiseme, ila tusimfiche kijana kwamba ipo.

Milango iliyo wazi zaidi kwetu ni shule binafsi, hasa kwa anayeweza kufundisha hisabati au sayansi kwa Kiingereza, na shule za awali. Karibu zaidi na nyumbani, walimu wa Kenya na Uganda wamekuwa wakifundisha katika shule na vyuo binafsi vya Somalia na Somaliland, ingawa huko suala la usalama lataka kupimwa mji kwa mji. Komoro, mwanachama wa Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu 1993, iko ng'ambo ya bahari yetu hii, lakini shule zake zimejengwa juu ya Kifaransa.

Anayetaka kujiongezea nguvu na asome cheti kinachotambulika. CELTA, kinachotolewa chini ya Chuo Kikuu cha Cambridge, huchukua saa zipatazo 120 za mafunzo, zikiwemo saa 6 za kufundisha darasa halisi mbele ya mkaguzi. Cheti cha siku mbili cha kwenye intaneti, ambacho hakuna aliyemwona mwenye nacho akishika chaki, hakifanani nacho. Kisha shahada yake ithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi aendako. Balozi ziko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka kwetu, kwa hiyo nauli na siku za kungoja ziingizwe katika hesabu mapema.

Sasa nirudi kwenye mkataba. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Sisi husoma aya hiyo kwa tajwidi nzuri, kisha tukamkabidhi mtoto wetu kwa mtu tuliyeonana naye mara moja stendi ya basi.

Basi familia ikae pamoja, baba, mama na mwenye safari. Jina la kazi lisomwe kwa lugha zote mbili. Mwajiri awe shule yenye jina na anwani, naye apigiwe simu kwa namba iliyotafutwa na familia yenyewe, si ile iliyotolewa na wakala. Viza iwe ya kazi, kwa maana anayeingia kwa viza ya matembezi akafanya kazi huwa amevunja sheria kabla ya kipindi cha kwanza. Mshahara, makazi, tiketi ya kurudi, matibabu na malipo ya mwisho wa utumishi viandikwe. Pasipoti ibaki kwa mwenyewe. Kwa binti, iulizwe atalala wapi na pamoja na nani.

Ama wakala, sheria yetu inamtaka awe na leseni, na pa kuulizia ni TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka kanuni kwamba mtafuta kazi asitozwe ada. Anayekupa siku kumi za kuuza shamba amekwisha kukuonyesha biashara yake ni ipi.

Binti wa jirani yangu hajaacha nia yake. Anaweka akiba kwa ajili ya cheti, na jioni huenda kwa maalim kujifunza Kiarabu cha mikataba. Maalim naye, nasikia, ameanza kuulizia maneno ya Kiingereza. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Atakapokwenda, inshaAllah, atakuwa na mikorosho ya kurejea.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo.