Kikoa Kisajiliwe kwa Jina la Mwenye Biashara

Kijana anayekwenda Keko, Dar es Salaam, kuwajengea mafundi samani tovuti anafanya kazi ya maana, na tunamuunga mkono. Mafundi wa pale wanafahamika kwa kazi yao, lakini mtu wa Dodoma akitafuta kwenye Google kitanda cha mninga cha futi 6 kwa 6, wengi wao hawaonekani. Picha zao ziko Instagram na kwenye status ya WhatsApp, ambayo baada ya saa 24 haipo tena, na bei mpaka uulize.

Mitandao hiyo tena si mali yao. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takriban saa sita, na oda zikakwama. Uganda, Facebook ilifungwa na serikali Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na waliokuwa wamekusanya wateja wao humo wakaachwa wahangaike.

Kinachotukera ni jinsi baadhi ya wajenzi wa tovuti wanavyofanya biashara hii. Mjenzi anasajili kikoa, yaani jina la anwani ya tovuti, kwa jina lake, kwa barua pepe yake, kisha anamkabidhi fundi anwani tu. Mwaka unaisha, ada ya kikoa haijalipwa, simu haipokelewi, tovuti haifunguki. Fundi akienda kwa msajili wa vikoa kulalamika anaambiwa mwenye kikoa si yeye. Na jina lenyewe keshalichapisha kwenye kadi, keshalipaka kwenye ubavu wa Kirikuu inayopeleka makochi kwa wateja! Wapo wajenzi wanaofanya hivi kwa kutojua. Wapo wanaokusudia, ili mteja asiweze kuhamia kwa mwingine, na hao wanawaharibia jina wenzao waaminifu.

Tovuti nayo iwe nyepesi. Wateja wengi wanaifungua kwa simu, kwa bando la siku. Picha ya kochi ikitoka kwenye simu kama ilivyopigwa inaweza kufika MB 4. Ikipunguzwa kabla ya kupandishwa inashuka chini ya KB 300, na kwenye kioo cha simu kochi ni lilelile. Picha kumi zisizopunguzwa ni MB 40 za mtu ambaye hata hajaamua kununua. Mapambo yanayorukaruka hayamsaidii. Anataka bei, vipimo, aina ya mbao, karakana ilipo, na namba ya kubonyeza apige.

SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, lina mafunzo kwa wajasiriamali. Suala la umiliki wa kikoa liingizwe humo, lifundishwe kwa Kiswahili cha kawaida, na mkataba mfupi wa mfano ugawiwe. Wajenzi wa tovuti wasiuogope mkataba huo. Waendelee kutoza ada ya matunzo kila mwaka, ni haki yao, maana tovuti isiyoangaliwa hubaki na bei za zamani.

Fundi naye asimalizie malipo kabla hajaingia mwenyewe kwenye akaunti ya kikoa, kwa barua pepe yake na nywila aliyoitunga yeye, kisha akabadilisha bei ya kitanda kimoja huku mjenzi akiwa amekaa pembeni yake.