Taa mpya kwenye gari la mwingine: nani alipe?

Huku Butembo na Beni, mashofere wengi wa taksi wanaendesha magari yasiyo yao: jioni wanamletea mwenye gari pesa waliyopatana. Taa za mbele zikififia, shofere ananunua ampuli za LED kwa pesa yake, fundi anakata nyaya, na safari za usiku zinaendelea. Siku mwenye gari anachukua gari lake, ugomvi unaanza: ampuli ni za nani, na nyaya zikiungua ni deni la nani?

Mimi naona taa ni deni la mwenye gari. Ni kama breki: bila hizo gari halifai kubeba watu. Lakini shofere naye asibadilishe kitu bila ruhusa. Wapatane kwa karatasi, ampuli za zamani zitunzwe, nyaya zisikatwe.

Tena, mwanga mkali si lazima uwe mwanga mzuri. Ampuli ya LED ikiwekwa ndani ya taa iliyotengenezwa kwa ampuli ya kawaida, mara nyingi mwanga unatawanyika na kumpiga machoni anayekuja. Magari yaliyotengenezwa kwa nchi wanakopita kushoto, kama Japani, taa zake huangaza mbali zaidi upande wa kushoto. Sisi tunapita kuume. Kushoto kwetu ndiko anakotokea motari. Ukiongeza nguvu bila kurekebisha taa, unampofusha.

Wenye magari, kabla ya kuhesabu pesa za jioni, washeni taa muangalie.