Feza ya Nkambo: Usiisugue



Mwezi huu tuache kidogo habari za masomo na za bukari, tuzungumze juu ya kitu kimoja kidogo chenye pengine kinalala katika kanduku ya nkambo wako bila wewe kujua: kipande cha feza cha zamani. Sisemi zile sengi za alumini za 1967, zenye chui. Nasema feza yenyewe. Ukiiona utafikiri ni chuma kibaya, maana iko nyeusi-nyeusi, ao iko na rangi za kushangaza, manjano kandokando, zambarau, buluu katikati. Na mkono unatamani kuchukua majivu, mchanga ao limau, kuisugua mpaka ing'ae.

Usiisugue. Nitaeleza sababu.

Feza ikikaa katika hewa inakutana na sulfuri. Sulfuri iko fasi nyingi: katika yai, katika mpira, katika kitambaa cha manyoya ya kondoo, katika karatasi za bei ya chini, katika moshi wa makaa ya mawe. Pole pole inafanya ngozi nyembamba sana juu ya feza. Nyembamba namna gani? Umekwisha kuona maji ya mvua katika barabara, fasi lori ilimwaga mafuta kidogo: maji yanaonyesha rangi zote za upinde wa mvua, na mafuta yenyewe hayana rangi hizo. Ni jambo lile lile. Mwangaza unapiga juu ya ngozi, mwingine unapita na kupiga chini yake, yote miwili inarudi pamoja na kutuletea rangi. Ngozi ikiwa changa, feza inakuwa manjano sawa chai nyepesi. Ikiongezeka inafika dhahabu, halafu nyekundu ya zambarau, halafu buluu. Ikizidi kabisa inakuwa nyeusi, na uzuri umeisha.

Sasa sikia vizuri: ngozi hiyo si uchafu uliotoka inje na kukaa juu. Imefanywa na feza yenyewe. Ukiisugua unaondoa feza, unaondoa na ule mng'ao wa kwanza wenye kipande kilipata siku kilipigwa katika mashini. Mng'ao huo haurudi tena, hata ukiwa na dawa gani. Kinachobaki ni mikwaruzo yenye kung'aa sawa sufuria iliyosuguliwa na waya. Na kijana mwenye anafikiri kutumia asidi ya batri, tafadhali, macho yako yana bei kuliko feza yoyote.

Kule Marekani watu wanalipa makuta mengi juu ya rangi hizi. Kuna dola za feza zinaitwa Morgan, zilizopigwa tangu 1878 mpaka 1904, na tena 1921. Nyingi zilikaa miaka na miaka katika magala ya serikali, ndani ya mifuko ya kitambaa, vipande 1000 kwa kila mfuko. Zenye ziligusa kitambaa zilitoka na rangi, na mara nyingine unaona hata alama ya nyuzi. Dola yenye rangi nzuri inaweza kuuzwa mara nyingi kupita ndugu yake nyeupe ya mwaka ule ule. Na makampuni yenye kupima sarafu kule, kama PCGS na NGC, yakiona kipande kilisuguliwa hayakipi namba ya kawaida. Yanaandika tu kwamba kilisafishwa. Basi beyi inaanguka.

Hapa kwetu mutu anaweza kukusanya nini? Kuna watu wenye wanatafuta kila kipande cha kila mwaka. Hao watamaliza mshahara mbele ya kumaliza kazi. Njia yenye mimi napenda ni moja-moja: kipande kimoja kwa kila aina, kilicho kizuri, basi. Na katika feza Kongo inatusaidia, juu feza zilizopigwa ili watu wazitumie hapa ni aina tano tu. (Zile zilizofanywa nyuma kwa ajili ya wakusanyaji wa inje sizihesabu, hazikununua hata muhogo.)

Nne za kwanza ni za wakati wa État Indépendant du Congo: santimu 50, franka 1, franka 2 na franka 5, za miaka ya 1887, 1891, 1894 na 1896. Upande mmoja kuna kichwa cha Leopold II, upande mwingine simba wawili wanashika ngao, na maneno "Travail et Progrès". Uzito wake ni hesabu ya mtoto wa primeri: gramu 5 kwa kila franka. Basi santimu 50 ni gramu 2.5, na franka 5 ni gramu 25. Wachimbaji wa Kasulo wataelewa haraka habari ya teneri: zile tatu ndogo ziko na feza 835 katika 1000, ya franka 5 iko na 900. Hapa hakuna mtu wa depo atakayekuambia teneri imeshuka tangu asubuhi.

Ya tano ni franka 50 ya 1944, yenye tembo. Ubelgiji ilikuwa mikononi mwa Wajeremani, kwa hiyo ilipigwa Pretoria. Ni gramu 17.5, na feza ni nusu tu, 500 katika 1000, kwa hiyo usiitazamie buluu ya ajabu. Mara nyingi inavaa kijivu na kahawia. Lakini tembo yule katika kahawia, kwa macho yangu, anapendeza kuliko akiwa mweupe. Kama unaanza, anza na huyu. Franka 5 ya Leopold ndiyo ngumu, iache iwe ya mwisho.

Kuna mama mmoja aliniuliza, na ana haki: namna gani tuweke uso wa Leopold katika nyumba, yeye ambaye wakati wake watu walikatwa mikono juu ya kauchu? Mimi nasema watoto wasome vizuri yale maneno "Kazi na Maendeleo", halafu waonyeshwe picha zenye mmisionari Alice Harris alipiga mwaka 1904, zile za watu wenye mikono iliyokatwa. Hakuna somo la historia litakaloingia haraka namna hiyo. Tena waangalie mwaka. Kwenye feza nyingine kumeandikwa 1891. Ni mwaka huo huo, tarehe 20 Desemba, Msiri aliuawa kwa risasi kule Bunkeya, wakati wa msafara wa Stairs. Siku zile huku kwetu biashara ilifanywa na misalaba ya shaba, vitambaa, ushanga na chumvi. Feza ya Leopold ilikuwa na jina la nchi ambayo wengi ndani yake hawakuwahi kuiona. Na huo msalaba wa shaba ulirudi 1961 juu ya franka 1 na franka 5 za Katanga, upande wa pili wa ndizi. Hizo ni bronzi, haziingii katika feza zetu tano, lakini kama nkambo aliacha moja, iweke karibu.

Nakuja sasa kwa Kasulo yenyewe. Tangu 2014, wakati kobalti ilionekana chini ya nyumba, mashimo yalichimbwa katika viwanja, mpaka ndani ya vyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilipewa kampuni, ikazungushwa ukuta, familia zikahama. Nyumba ikihama, kanduku inafunguliwa, na vitu vya wazee vinauzwa haraka haraka kwa mtu wa kwanza mwenye anapita na mizani. Mtu huyo anaipima feza sawa vyuma vikuukuu. Sitakuambia usiuze. Minervali ya mtoto haingoji, na mimi siwezi kukulipia. Lakini kama unauza, uza sarafu, usiuze uzito. Iache na rangi yake, piga picha pande zote mbili, uliza watu wawili ao watatu mbele ya kukubali. Mwenye anakuambia "kwanza nenda uisafishe, halafu nitaona", huyo hajui sarafu, ao anajua sana na anakutega.

Upande wa kununua, macho! Kopi za franka 5 ya Leopold ni nyingi. Chukua mizani ya wauza dhahabu: ikikosa gramu mbili ao tatu, rudisha. Weka sumaku: feza haivutwi. Halafu rangi. Kuna watu wanapasha feza moto juu ya babula, ao wanaifungia na sulfuri, ili ipate rangi kwa siku moja. Rangi ya miaka inatembea kwa taratibu ile niliyosema, manjano kwanza na buluu nyuma, mara nyingi toka ukingoni kwenda katikati, na karibu na herufi inabadilika pole pole. Rangi ya haraka inaruka, inakaa madoa-madoa, na kama kipande kina mikwaruzo ya zamani ya kusuguliwa, utaona rangi imepakwa juu yake kufunika aibu.

Kuitunza si kazi kubwa. Ishike kwa ukingo, juu jasho la vidole linaacha alama. Kama ilitoka katika udongo, iache katika maji safi usiku mzima, uitoe, ikauke juu ya kitambaa cha pamba, bila kuifuta. Usiifunge na kamba ya mpira wala gazeti. Usiiweke katika plastiki laini yenye harufu, sawa ile ya kufunika kitambulisho: baada ya miaka inatoa majimaji ya kijani yenye kula feza. Karatasi nyeupe safi inatosha, ndani ya kisanduku kikavu, mbali na jiko. Na juu ya karatasi andika mwaka, uzito, fasi ilitoka na jina la mwenye aliiacha. Andika mbele ya kuiweka ndani, na kwa kalamu ya risasi, juu wino unaweza kupita mpaka kwenye feza.