Hasara Isiyopunguza Kodi

Ndugu zetu walioko Meru na Embu, wengi wetu tuna jamaa Marekani watunasihio hivi: hisa ikishuka, iuze kabla ya mwaka kwisha, upunguziwe kodi. Kwao ni kweli. Hasara hukatwa katika faida ya hisa nyingine, na ibakiayo hupunguza mapato mengine hadi dola 3,000 kwa mwaka, mradi hisa ile ile isinunuliwe siku 30 kabla au baada ya kuuza.

Kwetu sivyo. Faida ya hisa ziuzwazo katika Soko la Hisa la Nairobi haitozwi kodi. Basi hasara yake itapunguza kodi gani? Hisa za Safaricom zilitolewa mwaka 2008 kwa shilingi 5, kisha bei ikaanguka chini ya hapo. Waliouza wakati huo walibaki na hasara tupu; waliosubiri waliiona bei ikipita shilingi 40 mwaka 2021.

Hisa za viwanda vya chai, kama Githongo kule Meru na Mungania kule Embu, hazimo sokoni humo. Faida ya kuuza hisa zisizo sokoni hutozwa asilimia 15 tangu mwaka 2023, na hasara yake huweza kukatwa katika faida ya aina hiyo baadaye. Basi tuzihifadhi stakabadhi za ununuzi.

Mama mwenye hisa za sokoni na auze kwa kuwa kampuni imedhoofu au karo imefika, wala si kwa kukimbia kodi isiyokuwapo.