Msiing'arishe shaba kabla ya kuisoma

Nina ugomvi na mng'aro. Nilikuwa fundi wa bunduki jeshini, miaka mingi nikiwa kambi ya Lanet, na tangu nistaafu nakaa hapa Nakuru nikitengeneza kufuli, mifereji na chochote cha shaba kinacholetwa mezani kwangu. Hunijia pia wenye leseni wanaopiga shabaha kama mchezo, na vifuko vya maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa. Swali lao huwa lile lile: "Mzee, madoa haya tunayatoaje?" Nami huwauliza wanataka yatoke kwa nini. Hapo huanza kutazamana.

Wachache wao wamesafiri na kuona jinsi wapiga shabaha wa Marekani wanavyolijaza upya ganda lililotumika: fataki mpya kwenye kitako, baruti ndani, kichwa juu. Huko ni kazi ya jioni, kama mtu anayefuma fulana. Hapa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuachii utengeneze risasi bila leseni, na sitamfundisha mtu kuikwepa. Ila maganda wanayaweka, na wanayasugua. Kusugua huku ndiko kunakoniudhi.

Ganda la risasi ni shaba ya manjano, takriban asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Ikikaa hewani au ikishikwa na mikono yenye jasho, hugeuka kahawia. Kahawia hiyo haipunguzi nguvu ya ganda hata kidogo. Ukiona pete ya buluu iliyochanganyika na zambarau shingoni, usiikimbilie na kitambaa. Ni alama ya moto wa kiwandani, pale shingo ilipopashwa ili ilainike isije ikapasuka. Majeshi mengi huiacha makusudi ili mkaguzi aione. Viwanda vinavyouzia raia huisugua ikatoka, kwa kuwa mteja wa dukani huona doa na kudhani ameuziwa mzigo mkuukuu.

Kijani ndiyo rangi ya kuogopa, na hiyo nayo kwa kiasi. Ifute, kisha utazame kwa lenzi. Kama chini yake pamebaki laini, haina neno. Kama pameachwa vishimo, kutu imekwisha kula. Mabaka ya rangi ya waridi maana yake ni kwamba zinki imetoka na shaba nyekundu imebaki peke yake; mara nyingi utakuta mwenyewe aliyalaza maganda usiku kucha ndani ya siki au maji ya limau. Pengine ni juu juu tu, pengine limeliwa hadi ndani. Nyumbani huna kipimo cha kujua, kwa hiyo litupe.

Sasa sikia kitu ambacho wapenda mng'aro hawapendi kuambiwa. Alama ya hatari kuliko zote kwenye ganda linalotaka kujazwa upya haina weusi wala ukijani. Ni mstari mwembamba unaong'aa, umelizunguka ganda juu kidogo ya kitako. Hapo shaba imevutwa mara nyingi mpaka imekonda, na mpigo unaofuata unaweza kulikata vipande viwili ndani ya bunduki. Mgandamizo wa risasi ya rifle hupita mara 3,000 ya ule wa hewa tunayovuta, na uso wa mpigaji uko karibu kabisa na chumba kinachoufungia. Kwenye ganda lililoachwa na kahawia yake, mstari huo unajitokeza wenyewe. Kwenye ganda lililosuguliwa likawaka lote, utauonea wapi?

Najua ugonjwa huu umetoka wapi, maana sisi askari tulikuwa wagonjwa wake wa kwanza. Bizimu la mkanda, vifungo, beji ya kofia: koplo alitaka auone uso wake humo. Tukaenda nyumbani na imani kwamba kinachong'aa kimetunzwa. Na ile dawa ya kopo tuliyoisugulia, nyingi ya aina zake za zamani zilikuwa na amonia. Kwa bizimu la mkanda si tatizo. Kwa ganda la risasi ni adui.

Waingereza walilijua hilo kwa hasara. Katika karne ya 19 jeshi lao kule India lilikuwa likiweka risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika. Maganda yalipasuka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Walisingizia majira. Mwaka 1921 ndipo wataalamu wao walipoeleza sawasawa: amonia inayotokana na mkojo wa farasi, pamoja na unyevu, huingia kwenye shaba ambayo bado ina mkazo wa kufinyangwa kiwandani, ikaipasua. Dawa yake ni moto, ule ule unaoacha pete ya buluu shingoni.

Mtu wa Njoro aliwahi kunionyesha kopo la maganda ya bunduki ya kuwindia, ya tangu kabla uwindaji haujapigwa marufuku mwaka 1977. Lilikuwa limetundikwa bandani juu ya ng'ombe. Kwa nje yalikuwa ya kahawia nzuri, lakini nilipoyapitisha kwenye mwanga, shingo kadhaa zilikuwa na nyufa za urefu. Banda la ng'ombe, banda la kuku, stoo yenye mbolea ya urea iliyoshika maji: huku kwetu amonia haitafutwi mbali. Na anayeishi upande wa Olkaria ajue kwamba mvuke wa ardhini huja na gesi yenye harufu ya mayai viza, ambayo huifanya shaba iwe nyeusi. Weusi huo haulivunji ganda. Amonia hulivunja bila hata kukuonya kwa rangi.

Kwa anayetaka usafi, kwa kufuli au kwa ganda: maji ya moto, sabuni kidogo, asidi ya limau iliyozimuliwa sana, dakika chache tu. Suuza mara mbili, kausha kabisa. Madoa yakibaki, yabaki.

Lakini kuna maganda ambayo hata maji hayafai kuyagusa, na haya yananihusu kuliko ya wanamichezo. Vijana wa skrepu huniletea shaba iliyookotwa kaskazini ya hapa, Baringo, njia za Tiaty na Kapedo, na ndani yake hukosi ganda. Wengine huyasugua kwanza ili yapate bei. Yale yaliachwa na watu waliopiga wengine. Kitakoni pana mhuri wa kiwanda na alama ya pini ya bunduki iliyoyapiga. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini. Walichofanya ni kusoma mihuri hiyo, na ikawapeleka kwenye risasi zilizotengenezwa kiwandani Eldoret na kutolewa kwa polisi wetu wenyewe. Ushahidi mzito namna hiyo ulikuwa kwenye kitako kisichofikia upana wa ukucha wa kidole gumba.

Mwaka huo huo huko Uingereza, mwanasayansi John Bond alionyesha kwamba jasho la kidole kilichoshika risasi huila shaba kidogo, na alama hiyo inaweza kuonekana hata baada ya ganda kupigwa na kufutwa. Doa tunalolichukia ndilo lenyewe kidole cha mtu.

Ninachotaka kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai si kikubwa. Iwaambie chifu, polisi wa akiba na wanunuzi wa skrepu katika Bonde la Ufa, kwa lugha wanayoisikia, kwamba ganda lililookotwa mahali palipouawa mtu halishikwi kwa mkono mtupu, halisuguliwi, na linatiwa kwenye bahasha ya karatasi badala ya mfuko wa plastiki unaohifadhi unyevu. Iwahakikishie pia kwamba anayelileta hatalala ndani. Kwa sasa kijana wa skrepu anaogopa kituo cha polisi kuliko anavyoogopa aliyelipiga, na ndiyo sababu analisugua na kulitia gunia moja na mifereji yangu.