Kigiriki cha kadi ya posta

Wandugu, kuna jambo linaniudhi. Kila ikija habari ya kuwafundisha watoto wadogo jinsi lugha ya Kigiriki inavyobeba utamaduni wa wenyewe, wakubwa wanakimbilia mambo yale yale: Zeus, Parthenon, demokrasia, halafu neno moja tamu, filoxenia. Mtoto anaambiwa maana yake ni ukarimu, anachora nyumba nyeupe kando ya bahari, somo limekwisha. Hiyo si elimu. Hiyo ni kadi ya posta.

Hebu tulichambue neno lenyewe. Filos ni rafiki, xenos ni mgeni. Kwa Wagiriki wa kale xenos alikuwa mtu usiyemjua, na pia mtu uliyemkaribisha nyumbani, sawasawa na neno letu mgeni. Hata Zeus walimwita Xenios, mlinzi wa wageni. Safi kabisa. Lakini xenos huyo huyo amekaa ndani ya xenofobia, neno lililoundwa baadaye sana kwa mzizi ule ule. Na ni Wagiriki hao hao waliotoa neno barbaros, kwa mtu ambaye lugha yake masikioni mwao ilikuwa "bar-bar" tu. Sasa kwa nini mtoto apewe nusu ya kwanza, ya pili ifichwe?

Eti ni mambo mazito kwa mtoto wa miaka saba! Mtoto wa miaka saba anajua vizuri sana nani huachwa nje ya mchezo na kwa nini. Mpe neno tu, mengine atakueleza yeye.

Mwambie pia kuhusu musafiris. Mgiriki wa leo hulitumia kwa mgeni aliyekuja nyumbani. Limetoka Uarabuni kupitia Uturuki, na ni ndugu wa msafiri wetu. Karne za utawala wa Waturuki zimo ndani ya neno hilo moja. Wako wasomi waliotaka lugha isafishwe maneno ya namna hiyo, wakajenga Kigiriki chao cha juu, Katharevousa. Mwaka 1901 watu wanane walikufa mjini Athens katika ghasia za kupinga Injili kuchapishwa kwa lugha ya kawaida. Ni mwaka 1976 ndipo lugha ya watu ilipokubaliwa rasmi. Huo nao ni utamaduni, jamani.

Na hapa si mchezo wa maneno tu. Giannis Antetokounmpo alizaliwa Athens mwaka 1994, wazazi wake Wanigeria. Alikulia hapo hapo, akizungumza Kigiriki. Uraia aliupata mwaka 2013, karibu kabisa na kwenda kucheza NBA. Swali langu ni dogo: wale ambao hawakurefuka kiasi hicho je? Sheria ya mwaka 2015 iliwafungulia watoto wa wahamiaji njia ya uraia kupitia shule. Maana yake darasa la Kigiriki si mahali pa kupamba ukuta. Kwa mtoto wa namna hiyo ni mlango. Ukimfundisha filoxenia bila kugusa habari yake mwenyewe, unamfundisha kwamba maneno mazuri ni ya wengine.

Tusiwacheke Wagiriki. Sisi tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, halafu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na watu wa pwani waliwaita wa bara washenzi bila haya. Kila lugha ni kioo, na kioo huonyesha uso pamoja na chunusi zake.

Nifundishe nini basi, atauliza mwalimu. Anza na maneno yanayoishi. Mtu akivaa nguo mpya Mgiriki humwambia me geia, avae kwa afya. Mgonjwa huambiwa perastika, ipite upesi. Tarehe moja watu husalimiana kalo mina, mwezi mwema. Mtoto atayatumia siku hiyo hiyo, na ataona watu wanavyoombeana heri. Kisha mletee xenos, pande zote mbili, umwulize: wewe ukiwa mwenyeji, utamtendeaje?

Anayeogopa swali hilo asitudanganye kwamba anafundisha utamaduni. Anauza kadi za posta.

Au mnasemaje?