Malaika alirudi mara ya pili

Nabii Eliya aliwahi kuomba afe. Tunasoma habari hiyo katika 1 Wafalme 19. Alikuwa peke yake jangwani, amechoka na ana hofu. Mungu hakumkemea. Alimtuma malaika na mkate na maji.

Somo hilo linatusaidia kupima juhudi za Marekani za kuzuia vijana weusi wasijiue. Kwa muda mrefu wengi walidhani hilo si tatizo la watu weusi. Kisha utafiti wa mwaka 2018 ukaonyesha kuwa, kati ya watoto wa miaka 5 hadi 12, weusi walijiua kwa kiwango cha takriban mara mbili ya wazungu.

Aprili 2019 wabunge weusi waliunda kikosi kazi cha dharura chini ya Bonnie Watson Coleman wa New Jersey. Desemba kikatoa ripoti. Muswada uliofuata ulipita katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2021, lakini ukakwama katika Seneti. Julai 2022 nchi nzima ilipata namba fupi, 988, ambayo mtu aliyeelemewa hupiga au kutuma ujumbe saa yoyote.

Tushukuru kwa hayo. Ndiyo mkate na maji. Lakini namba humsaidia aliyethubutu kupiga. Kijana anayeogopa kuitwa mwendawazimu, au ambaye jamii yake imeumizwa na polisi, huenda asipige mpaka mtu anayemwamini akae naye na kumshika mkono.

Mtu huyo angepaswa kupatikana kanisani. Tangu enzi za utumwa, kanisa limekuwa mahali ambapo Wamarekani weusi walilia na kudai haki. Hata hivyo, huko kama huku kwetu, wapo wanaoambiwa kwamba huzuni yao ni upungufu wa imani. Eliya alitoka kuona moto wa Mungu ukishuka Karmeli, na bado alikata tamaa. Imani yake haikuwa ndogo. Alikuwa mtu aliyechoka.

Tukumbuke pia kwamba Eliya alikula, akalala tena, na malaika akarudi mara ya pili. Serikali inaweza kuweka namba na kutenga fedha. Kurudi mara ya pili, Jumanne jioni baada ya ibada ya Jumapili kusahaulika, ni kazi ya jirani, mzazi, kiongozi wa vijana na mchungaji.

Ukimwona kijana amejitenga, au anasema kwamba yeye ni mzigo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, humfungulia mlango. Msikilize bila kumhukumu, usimwache peke yake, mfikishe hospitalini. Omba pamoja naye. Kisha kesho urudi.